Nina 49 sijielewi, ni umri au ni mimi?

Wadada, toka hedhi ianze kurukaruka najiona mtu mwingine kabisa, usingizi hamna, joto linanipanda usiku, hasira za karibu, na watoto wameshaondoka basi sijui hata mi ni nani zaidi ya mama yao

— Pole shosti, hiyo komahedhi inakaribia, wengi inawakuta kati ya 45 na 55, homoni ya kike iitwayo estrojeni inashuka ndo maana usingizi na mudi vinayumba. Muone daktari, matibabu yapo, kuvumilia kwa nini??

— Daktari sawa ila hilo la "mi ni nani" halina kidonge. Ulikuwa unapenda nini kabla hujazaa? Anzia hapo

— Mi nina 63, wanaume hawanigeukii tena njiani, mwanzo iliniuma weee, sasa hivi navaa ninachotaka, nasema ninachotaka