Tarehe faili lilipozaliwa Linux inayo kwenye diski, kwa nini programu zetu zinanyimwa kuiandika?

Wakuu, hili jambo limenichosha na leo nalitoa lote. Huku Tanga, Ngamiani, tunatunza rekodi za taarab na video za harusi, mafaili ya miaka na miaka, na tarehe faili lilipozaliwa ndo inatuambia ipi rekodi ya awali na ipi ilihaririwa baadaye. Sasa kopi folda kutoka diski ya nje ya NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) kwenda kwenye seva yenye ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) uone, tarehe zote za kuzaliwa zinakuwa za siku uliyokopi. Zote jamani!

Na msiniambie Linux haitunzi. Inatunza! ext4 inaiandika kwenye inodi (rekodi ya taarifa za kila faili), mifumo mingine ya mafaili kama btrfs wanayo, XFS ya sasa nayo inayo, ila miaka yote hiyo programu ya kawaida haikuwa na njia ya kuisoma, mpaka uwe root (msimamizi mkuu wa mashine) uzame na debugfs (zana ya kuchokonoa ext4 moja kwa moja), hadi 2017 kerneli (kiini cha Linux) 4.11 ilipoleta statx, wito wa kusoma taarifa za faili, na glibc, maktaba ambayo programu hupitia kufikia kerneli, nayo ikakaa mpaka 2018 ndo ikaipokea. Halafu wale wa "tumia ctime" (muda taarifa za faili zilipobadilika mwisho) naombeni mnyamaze kwenye uzi huu, ctime inabadilika hata ukigusa ruhusa ya faili tu.

Haya, kusoma tumepewa, kuandika je? utimensat, wito wa kuweka tarehe za faili, inapokea atime (lilipofunguliwa mwisho) na mtime (lilipohaririwa mwisho), basi. rsync, programu ya kukopi mafaili, ina mpaka --crtimes, chaguo la kutunza tarehe ya kuzaliwa, lakini kwenye Linux haikusaidii kitu, wakati Windows na Mac wanairudisha tarehe yao vizuri tu.

Kinachoniuma ni kwamba njia inajulikana. ntfs-3g, dereva ya NTFS kwenye Linux, inaitoa hiyo tarehe kama xattr (sifa ya ziada inayobandikwa kwenye faili), system.ntfs_crtime, unaisoma kwa getfattr unairudisha kwa setfattr, imeisha. Samba, programu ya kushirikisha mafaili na Windows, nayo imeamua kujifichia ya kwake ndani ya xattr yake, user.DOSATTRIB, yaani kila mtaa umechimba kisima chake. ext4 inashindwa nini kutoa xattr moja kama hiyo?

Wanaopinga wanasema eti ikibadilishika haitakuwa ushahidi tena. Ushahidi gani? Mwenye root anarudisha saa ya mashine nyuma anatengeneza faili la "zamani" muda huohuo, au anaingia na debugfs anabadili. Anayeumia ni sisi wenye bekapu.

Mwenye kiraka cha kerneli (kipande cha msimbo wa kuirekebisha) kinachoruhusu kuiandika kwenye ext4 akiweke hapa, nitakijaribu kwenye seva ya akiba.