Naomba ushauri: dada yangu ana VHL, nani anaijua dawa ya belzutifan?

Wakuu, habari zenu. Dada yangu, miaka 34, amepimwa vinasaba na kukutwa na VHL (von Hippel-Lindau), ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe sehemu mbalimbali za mwili. Jicho la kushoto lilishapigwa leza, sasa figo zote mbili zina uvimbe. Daktari anasema upasuaji unaweza kusubiri kidogo. Mwaka wa tatu huu natembea na bahasha ya kaki yenye picha za CT, kona zimeshachanika.

Nimesoma sana kuhusu belzutifan. Kwa ninavyoelewa, jeni ya VHL ikiharibika, protini iitwayo HIF-2 alfa haivunjwi tena, inabaki ikiwasha jeni zinazokuza uvimbe. Kwa miaka mingi protini za aina hiyo zilionekana hazishikiki kwa dawa, mpaka watafiti wa Dallas, Marekani, walipokuta kijishimo ndani yake. Belzutifan ni molekuli ndogo inayoingia humo, na protini inashindwa kuungana na protini mwenzake ili kuwasha jeni hizo. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa VHL mwaka 2021, wale wasiohitaji upasuaji wa haraka. Hapo ndipo nikapata moyo.

Kuna mtu hapa anauguza mgonjwa anayeitumia? Mliipataje, na kwa bei gani? Najua inapunguza wingi wa damu na oksijeni mwilini, mnapima kila baada ya muda gani?

Na wanawe wawili, kila mmoja ana uwezekano nusu kwa nusu wa kurithi. Tuwapime sasa? Mdogo ana miaka 6, juzi kaniuliza kwa nini mama anafumba jicho moja akisoma.