Kijana wangu yuko gredi ya 4 na bado kusoma ni vita

MamaWawili_Umoja: Jamani nisaidieni, kijana wangu ukimsimulia hadithi anaishika yote na anairudia vizuri kabisa, lakini mpe kitabu, "baba" anasoma "dada", jasho linamtoka. Mwalimu wake anasema ni uvivu, mimi nakataa. Kuna mtu ashapeleka mtoto kwa tiba ya kujifunza? Ni tofauti na tuisheni?

MwalimuKasarani: Pole mama, huo si uvivu. Inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutambua herufi, lakini tusikisie, apimwe macho na masikio kwanza halafu mpeleke KISE, ile taasisi ya elimu maalum huku Kasarani, wanapima watoto. Tuisheni inarudia somo lilelile tu, tiba inatafuta pale anapokwama, anafunzwa sauti moja moja, anaitamka huku anaichora herufi kwa kidole kwenye mchanga.

BabaTatu: Wangu alianza tiba hiyo, dakika 40 mara mbili kwa wiki, ikachukua karibu mwaka mzima, lakini juzi tukiwa kwa matatu akasoma kibao "Githurai" bila kuulizwa, nikanyamaza tu machozi yakinilenga. Na tafadhali usimlinganishe na dadake.

MamaWawili_Umoja: Asanteni sana, Jumatatu naenda naye.