Naomba ushauri: mdogo wangu anamaliza soka, aanzie wapi?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mdogo wangu, beki wa klabu ya Ligi Kuu Tanzania Bara, mwenye umri wa miaka 34, ambaye mkataba wake unamalizika msimu huu bila dalili ya kuongezwa. Goti la kulia humvimba kila baada ya mazoezi, na usiku hulala amelifunga barafu kwa kipande cha kanga. Shule aliiachia kidato cha pili, na nyumba aliyoijenga kwa fedha za usajili imesimama kwenye lenta.

Yeye anataka ukocha, akiwatazama Mecky Maxime na Selemani Matola, waliocheza kisha wakafundisha. Naiona njia hiyo kuwa njema, ila ni ndefu, kwa kuwa leseni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupandwa ngazi kwa ngazi, kuanzia D hadi A, na nafasi za benchi la ufundi ni chache.

Linaloniumiza zaidi ni mafao. Mwajiri anapaswa kuwasilisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, ikiwamo sehemu anayokatwa mfanyakazi, lakini klabu moja aliyoitumikia ilimkata mara kwa mara na taarifa yake ya michango ina miezi mingi mitupu.

Je, madai hayo ayapeleke kwanza NSSF au TFF, shirikisho la soka nchini? Na je, asomee leseni D sasa, angali analipwa, au fedha iliyobaki amalizie vyumba viwili vya kupangisha?