Fundi wa "bonyeza taratibu", leo umenitibua

Wakuu, nimetoka botini sasa hivi, damu inachemka. Yule fundi mnamjua wote, yule anayejisifu kuwa nyaya anazifunga hata akiwa usingizini. Kwangu alizifunga usingizini kweli.

Redio ya boti ya kuongelea inawaka vizuri, chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura, naisikia safi. Nikahamia chaneli 72 ya boti kwa boti, nikabonyeza kitufe niongee: kioo kikazimika. Naachia, inafufuka. Nabonyeza, inakufa. Nampigia bwana mkubwa, ananijibu: "Mkuu, bonyeza taratibu."

Bonyeza taratibu!

Redio ya wati 25 ikirusha hula ampea 5 hadi 6 kwenye volti 12. Ikisikiliza haili hata robo ya hizo. Yeye kaivutia umeme kwa waya wa spika, mbu akitua unakatika, tena kaudandisha kwenye waya wa pampu ya kutoa maji! Maungio kayasokota kwa vidole akabandika tepu nyeusi. Nimeweka mita nyuma ya redio: volti 12.5. Nikibonyeza, 9. Fyuzi nimeitafuta mpaka kwenye betri, haipo. Waya huo ukichubuka ukagusa hasi, tunawaka wote.

Sasa boti inajaa maji, pampu inavuta, mimi naita Mayday, yaani tunaomba kuokolewa, redio inazima. Nifanye nini? Nibonyeze taratibu?

*

Kasia_Moja: Redio yako ina adabu, wakubwa wakiongea yenyewe inasikiliza tu 😂

Tanga_Bovu: Ulimlipa kabla hujajaribu kuongea? Basi na wewe bonyeza taratibu.

Mzee wa Nanga: Mwanangu, shusha nguvu ya kurusha iwe wati 1 ujaribu. Ikirusha, redio nzima, ubaya uko kwenye waya. Vuta waya mnene wa shaba iliyopakwa bati, wake peke yake, fyuzi ya ampea 10 upande wa chanya, karibu kabisa na betri.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee. Kwa wati 1 inarusha. Nilimwambia, akasema "si ndiyo hiyo, itumie." ITUMIE! Baada ya kuniambia nibonyeze taratibu!

Injini_Mbili: Huyo huyo kwangu aliunga kwenye betri ya starta. Nikiwasha injini, redio inazima na ramani ya kwenye kioo inaanza upya.

Demani: Afadhali nyie. Mimi aliifunga ubavuni mwa dira, sumaku ya spika ikavuta sindano. Tumetafuta mlango wa bandari mpaka jua likazama.

Kasia_Moja: Mngelehemu maungio kwa risasi haya yote yasingetokea.

Injini_Mbili: Risasi botini? Waya unakuwa mgumu pale ulipolehemiwa, mtikisiko wa injini unaukata hapo hapo. Tumia vibanio vya kukaza kwa koleo, juu mpira wa kusinyaa kwa moto.

Kasia_Moja: Zangu za risasi hazijakatika hata moja.

Injini_Mbili: Boti yako lini imetoka gatini?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwa fundi. BONYEZA TARATIBU!

Tanga_Bovu: Fundi tumemsikia. Yule mpaka rangi wa "itakaukia majini" bado yupo?

Demani: Yupo, na rangi yangu yote imebaki majini. Fungua uzi wake, nakuja na picha.