Nafasi ya ligi kuu kuuzwa kama kiwanja: kisa cha Brujas ya Costa Rica, mnasemaje?

Mtoa mada
Wakuu salama? Nataka tujadili hili la timu kuuziwa mtu halafu inahama mkoa na kubadilishwa jina, na nimechagua mfano wa mbali makusudi, maana tukianza na wa hapa nyumbani ndani ya dakika tano itakuwa Simba na Yanga.

Costa Rica kuna mji unaitwa Nicoya, mkoa wa Guanacaste, upande wa bahari ya Pasifiki, watu wa ng'ombe na jua kali. Timu yao ni Guanacasteca, ya tangu 1973, uwanja wao Chorotega upo palepale mjini. Timu ya kawaida tu ya mkoani. Sasa 2004 nafasi yake ya ligi kuu ikauzwa. Sisemi straika kauzwa, nasema NAFASI yenyewe, kule wanaiita franquicia, yaani ile haki ya kucheza ligi kuu inachukuliwa kama hati ya kiwanja anapewa mwingine. Wakaibeba mpaka Escazú, kando ya San José, mji mkuu wa nchi, eneo la wenye hela zao, ikaitwa Brujas. Brujas ni wachawi wa kike, maana Escazú toka enzi inajulikana kwa hadithi za wachawi. Kwa hiyo mtu wa Nicoya analala ana timu ligi kuu, anaamka imekuwa ya wachawi wa mjini, na hakuna mechi aliyofungwa. Ndio swali langu, hii ni halali? Mimi nasema hapana, kushuka ushuke uwanjani.

Benchi la Ufundi
Umesimulia nusu mkuu, mbona kombe umeliruka? Ile Brujas ilichukua ubingwa, Invierno ya 2009, kocha Mauricio Wright, fainali wakawafunga Puntarenas. Kwa wasiojua, kule kipindi hicho msimu mmoja ulikuwa na mabingwa wawili, Invierno ikiisha inakuja Verano. Na ligi yenyewe ni ya Saprissa, Alajuelense na Herediano, hao wanagawana makombe kama urithi wa baba yao. Timu ya miaka mitano kuvunja ule utatu sio mchezo. Wachezaji walicheza, mabao yalifungwa, refa akapuliza. Hela ya mwekezaji ndio iliyofanya hivyo, na Guanacasteca ilikuwa na hela gani? Mnataka timu ibaki mkoani ife njaa kwa sababu ya mapenzi?

Mtoa mada
Sijaliruka, nilikuwa nakusubiri uingie mwenyewe. Hiyo hela unayoisifia ilitoka wapi?

Rais wa klabu alikuwa Minor Vargas, mwenye kampuni ya Provident Capital Indemnity. Biashara yenyewe sikilizeni vizuri maana hata mimi nilisoma mara mbili. Marekani kuna wawekezaji wananunua bima za maisha za wazee, mzee akifariki mwekezaji analipwa. Hasara yao ni mzee akiishi sana. Sasa kampuni ya Vargas inakuja inasema tulipe ada, mzee akipitiliza muda uliokadiriwa sisi tunakulipa. Dhamana hizo waliziuza karibu dola nusu bilioni, wakidai kuna makampuni makubwa nyuma yao yanawabeba, kumbe hakuna. Januari 2011 akakamatwa New York, 2012 mahakama ikamtia hatiani, akapigwa miaka 60. Na mwaka huohuo wa 2011 aliokamatwa, Brujas ikafutika ligi kuu. Miaka saba tu toka wainunue. Sasa niambie, yule shabiki wa Brujas aliyenunua jezi 2009 leo anaenda kushangilia wapi?

Mama wa Kipa
Jamani ngojeni kidogo, mnachanganya mambo mawili. Utapeli wa mtu mmoja ni utapeli, ungeweza kutokea hata timu ikiwa imeanzishwa na babu zetu. Klabu ngapi za zamani zimefilisiwa na wenyeviti wa kuchaguliwa kwa kura kabisa? Hoja ya mtoa mada iwe kuuza nafasi, sio jela ya Vargas.

Na kwa hapo niko na mtoa mada. Mwaka uleule wa 2009, Verano, bingwa alikuwa Liberia Mía, na Liberia ipo Guanacaste hukohuko! Kwa hiyo tusidanganyane eti mkoani hakuna mpira wala hela, kombe lilifika.

Mzee wa Pembeni
Dada umenena. Ila tusijifanye ni mambo ya Wakosta Rika peke yao. Mbagala Market ilinunuliwa ikawa African Lyon. DTB ilipanda 2022 ikageuka Singida Big Stars. Ihefu ya Mbarali 2024 ikawa Singida Black Stars, watu wa Mbarali wameachwa na uwanja na kumbukumbu. Tofauti na Nicoya naiona jina tu.

Benchi la Ufundi
Nakubali la Vargas, sikulijua lote, hapo umenibana. Lakini Guanacasteca si ilirudi? 2021 wakapanda tena ligi kuu, jina lilelile, Nicoya ileile. Kama kuuza nafasi ni kuua timu, huyu aliyepanda ni nani?

Mtoa mada
Hiyo ndio hoja yangu bana, unanisaidia bila kujua. Walirudi kwa kupanda, na iliwachukua miaka 17! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule timu inauzwa kaiona ligi kuu nyumbani kwao akiwa anakaribia kupiga kura. Hiyo miaka 17 yote nani aliwalipa?

Mama wa Kipa
Mimi napendekeza hivi, mwekezaji aruhusiwe kununua klabu, hata asilimia zote akitaka, ila nafasi ya ligi ifungwe na mkoa. Akitaka kuhamia mjini aanzie daraja la chini huko anakokwenda.

Benchi la Ufundi
Hapo dada hakuna atakayenunua timu ya Nicoya, nani apeleke hela yake mbali na soko?

Mama wa Kipa
Basi asinunue. Kwani nani alimwita?

Mzee wa Pembeni
Mara nyingi ni viongozi wa klabu wenyewe wanaomwita, wakiwa na madeni ya mishahara. Hilo hamjaligusa wote wawili.