Oman na begi mgongoni, miji gani imetulia?

Mwana Kirumba: Wakuu, nimedunduliza hela ya tiketi, nataka nizunguke Oman, Muscat sikai sana, niende wapi?

Dada wa Igoma: Nenda Sur kaka, mji wa pwani, wanaunda majahazi ya mbao mpaka leo, utasikia nyundo na harufu ya mbao kama huku ziwani kwenye mitumbwi, na kuna wazee wanaongea Kiswahili kabisa maana walikulia Zanzibar, mmoja alinikaribisha kahawa na tende nikakaa mpaka magharibi.

Mzee wa Dagaa: Nizwa pia! Fika Ijumaa alfajiri, mnada wa mbuzi, wanazungushwa duara wanunuzi wanawakagua meno. Julai usiende, joto kali mno.

Mwana Kirumba: Asanteni sana, basi Januari, naanza na Sur.